Diski ya Pili na Jina la Waimbaji

Wapendwa mafratri, ndugu mapadri, nanyi makatekista mnaobeba mzigo wa nyimbo katika vituo vya mbali, mtatusamehe kwa kuleta katika kurasa hizi orkestra ya roki ya Los Angeles. Si sisi tuliokwenda kuitafuta. Ililetwa mpaka mlangoni pa sakristia, hapa Keshero, na tulipaswa kujibu.

Jambo lenyewe ni hili. Korali ya vijana ya fasi yetu, kando ya barabara ya Sake, ilitoa diski yake ya kwanza mwaka 2023. Tunasema diski kwa mazoea tu. Kwa kweli ni nyimbo nane zinazopitishwa toka simu hata simu. Waliziimba watu 26. Wengine wao walikuwa wakimbizi wa Masisi, waliokaa chini ya mahema kule Bulengo na kuja kwenye mazoezi kwa miguu kila Jumamosi. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini Goma, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa. Wengine walirudi Masisi, wengine walivuka mpaka, na mama mmoja wa sauti ya pili tulimzika. Leo waliobaki ni 9.

Hao 9 wanataka kutoa diski ya pili, ndugu ya ile ya kwanza, kwa jina lile lile na kifuniko cha rangi zile zile. Fundi wa studio amewaambia kwamba sauti zilizopungua si taabu. Nyingine atazitoa katika diski ya kwanza, nyingine ataziunda kwa mashine, na pengine atatafuta waimbaji wa kulipwa. Watu watasikia korali ile ile, na watainunua. Tulipoonyesha mashaka, kijana mmoja akatoa simu yake mfukoni. «Padri, hata Wazungu walifanya hivyo, tena kwa nyimbo za sala.» Ndipo tulipokaa chini kusikiliza orkestra ile. Tumeisikiliza mara nyingi tangu siku hiyo, pamoja na yale ambayo wahakiki wamesema juu yake, na haya ndiyo tunayoyaona.

I. Misa ya gitare

Orkestra hiyo inaitwa The Electric Prunes. Ni ya namna ile inayoitwa roki ya garaji, kwa sababu vijana wa Marekani walijifunza gitare na ngoma katika nyumba za motokari za wazazi wao, pasipo mwalimu na mara nyingi pasipo kujua nota. Tena ni ya tabia ya saikedeliki, maana yake muziki unaopinda sauti, unaoivuta na kuirudisha nyuma, hata msikilizaji ajione kama mtu aliye katika ndoto. Wimbo wao uliojulikana kuliko zote ulitoka mwishoni mwa mwaka 1966, na mwanzoni mwa 1967 ukafika nafasi ya 11 huko Marekani. Wimbo huo hawakuutunga wao. Waliutunga wanawake wawili, Annette Tucker na Nancie Mantz. Jambo hili dogo tulishike, kwa maana tangu siku za kwanza jina lilikuwa mbele na kazi ya wengine ilikuwa nyuma.

Baadaye Dave Hassinger, aliyesimamia diski zao, aliwapa Misa nzima iliyoandikwa na mtungaji David Axelrod. Diski ikatoka Januari 1968, kwa jina la Mass in F Minor. Ina sehemu sita: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus na Agnus Dei. Maneno ni ya Kilatini, na Kyrie kwa Kigiriki chake. Yote haipiti dakika 30. Mtazame jinsi mambo yanavyopishana: miaka ile ile ambayo sisi katika parokia tulikuwa tunajifunza kusali Misa kwa lugha zetu, vijana hao wa gitare walikuwa wanajifunza Kilatini ambacho wasikilizaji wao wengi hawakukielewa.

Tuseme kweli, pasipo dharau. Kyrie yao ina uzito. Gitare la besi linatembea polepole, sauti zinaenda pamoja kama wamonaki, na gitare kubwa linakwaruza juu yake kama mtu anayelia pasipo haya. Mtu aliyepita katika taabu anaweza kuitambua sala ndani yake. Lakini tukifika kwenye Credo, mara nyingi gitare linaendelea kusema baada ya maneno, kana kwamba maneno hayakutosha. Ungamo la imani limekuwa kamba ya kutundikia nguo.

Wahakiki waliipokeaje? Waligawanyika. Wengine waliona ni njia mpya, wengine waliona ni mchezo wa biashara uliovikwa kanzu. Ilifika nafasi ya 135 tu katika hesabu ya diski kubwa za Marekani, na Kyrie yake ikatiwa katika filamu Easy Rider ya mwaka 1969. Lakini wakati wa kuirekodi, kazi ya nota ilikuwa ngumu na ya haraka kwa vijana wasiozizoea. Hawakuimaliza peke yao: waliingizwa wapigaji wa studio, na pia orkestra ya Kanada iliyoitwa The Collectors. Walipojaribu kuipiga mbele ya watu, haikuwaendea vizuri. Jina lao lilikuwa limeahidi kitu ambacho mikono yao haikukiweza.

II. Diski ndugu

Mwaka ule ule wa 1968 ilitoka diski ya pili, ndugu ya Misa ile: Release of an Oath, maana yake Kufunguliwa Kiapo. Mtungaji ni yule yule Axelrod, msimamizi ni yule yule Hassinger, na urefu ni karibu ule ule. Safari hii msingi wake ni Kol Nidre, tamko la Wayahudi kwa lugha ya Kiaramu, linalosomwa jioni ya kuingia siku kuu ya Yom Kippur, nalo lahusu nadhiri ambazo mtu ameziweka mbele ya Mungu. Maadui wa Wayahudi waliligeuza kwa karne nyingi, wakidai kwamba linawaruhusu kuvunja ahadi zao kwa jirani. Huo ni uongo. Mkatekista akisikia neno hilo kijijini alikatae, sawasawa na roho ya tamko la Nostra Aetate la 28 Oktoba 1965.

Na waimbaji? Wale vijana walioimba wimbo wa 1966 walikuwa wameondoka wote. Jina lilibaki mikononi mwa msimamizi. Vijana wapya walitiwa chini ya jina la zamani, na kazi kubwa ya vyombo ikafanywa na wapigaji wa kulipwa wa Los Angeles, kama Carol Kaye kwenye besi na Earl Palmer kwenye ngoma. Hao ni mafundi wakubwa, wala hatuwaondolei sifa yao. Lakini kifuniko kilisema The Electric Prunes.

Diski hiyo haikuuzwa sana, na kwa muda mrefu watu wachache waliijali. Baadaye mambo yaligeuka. Watengenezaji wa muziki wa rapu, wanaotafuta ngoma na besi katika diski za zamani, walimgundua Axelrod. Rakim wa New York alikata kipande cha diski hiyo na kujengea wimbo wake wa mwaka 2009. Hivyo wahakiki wakairudia, na wengine leo wanasema kwamba kwa mpango wa muziki ni bora kuliko Misa ya kwanza, kwa kuwa nyuzi, besi na ngoma zimekaa kila moja mahali pake. Masikio yetu yanakubaliana nao.

Sasa tufike kwenye neno letu. Karibu kila mhakiki anaandika kwamba diski hiyo ni ya Axelrod na si ya orkestra. Anaandika hivyo kama jambo la kuchekesha, halafu anaendelea kupima nyuzi na ngoma. Sisi tunaona hapo ndipo kipimo kilipaswa kuanza. Kama ni wimbo wa kuchezea dansi, mnunuzi aliyedanganywa amepoteza fedha zake kidogo. Lakini hii ni diski ya sala. Sala ina mtu anayesali. Ukiondoa mtu huyo na kuacha jina lake, unabaki na nini? Tena jambo lenyewe linajihukumu: diski inayohusu viapo mbele ya Mungu imetoka chini ya ahadi isiyo kweli.

III. Mfano wa Kamina

Mtatuambia: «Hayo ni ya Wazungu, tutolee mfano wa kwetu.» Tunao. Kwa miaka mingi kabla ya gitare hizo, watoto wa Kamina, Katanga, waliimba Misa ambayo dunia bado inaijua. Ni Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa amekusanya watoto wa shule na walimu wao, na kuwaita Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iliimbwa mara ya kwanza kanisani Kamina mwaka 1958. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, na sauti zao zikatiwa katika diski ya Philips.

Nao pia waliimba Kilatini. Lakini Kyrie yao ilisimama juu ya kasala, wimbo wa kilio wa Waluba. Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana. Hosana ilichukua mwendo wa ngoma ya Kasai. Tena sauti zao hazikuandikwa kwanza katika nota. Mmoja aliinua, wengine waliitika, kila mmoja akijua mahali pake kwa sikio, kama mama zetu wanavyoimba matangani. Nota ziliandikwa baadaye, ili wengine waweze kujifunza.

Misa hiyo nayo ilipata wahakiki wa kila namna. Pasolini alichukua Gloria yake kwa filamu ya Injili ya Mathayo, mwaka 1964. Lindsay Anderson alitia Sanctus katika filamu ya vijana wanaoasi shule yao, mwaka 1968, na mwaka uliofuata Sanctus hiyo ikaingia katika hesabu ya diski zinazouzwa sana Uingereza, katikati ya nyimbo za dansi. Wapo walioisifu kama sauti safi ya Afrika. Wapo walioilaumu kwamba si Afrika safi, kwa kuwa mkono wa padri Mzungu umo ndani. Na kweli yapo ya kulaumu: korali ilibeba jina la mfalme wa mbali, na jina la padri lilijulikana duniani kuliko majina ya watoto. Tusifiche hilo kwa sababu alikuwa mmisionari.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Ukiweka diski ile ya Kamina, wale unaowasikia ni wale walioimba. Pumzi ni yao, na makosa madogo ni yao. Majina yao hayakutangazwa inavyostahili, lakini sauti zao hazikubadilishwa na za wengine.

Tena Missa Luba ilipata diski ya pili iliyotengenezwa kwa haki. Mwaka 1990, Philips ile ile ilitoa Missa Luba iliyoimbwa na korali ya taifa ya Kenya, Muungano, chini ya Boniface Mganga. Wangeweza kujificha nyuma ya jina la Kamina, lililokuwa maarufu. Hawakufanya hivyo. Waliimba Misa ya Kamina kwa makoo yao, na kifuniko kikataja jina lao. Msikilizaji anaweza kupenda ya kwanza au ya pili. Sisi tunapenda ya kwanza kwa ule ukali wa watoto. Lakini hakuna aliyedanganywa.

IV. Maswali yanayoweza kuulizwa

Fratri mmoja aliyesoma vizuri Maandiko ametuuliza: «Je, zaburi nyingi hazikuitwa za Daudi, ingawa si yeye aliyezitunga zote? Na nyimbo za Gregori, je, Papa Gregori aliziandika?» Swali ni zuri. Tunajibu kwamba jina la Daudi pale ni kama jina la ukoo. Linaonyesha nyumba ambamo sala hizo zilizaliwa na kutunzwa. Hakuna anayefungua Kitabu cha Zaburi akidhani anasikia koo la Daudi. Diski ni kitu kingine. Diski inasema: hawa ndio walioimba, wasikilize.

Wengine watasema: «Korali hubadilika daima. Mmoja anaolewa, mwingine anakwenda Butembo kwa biashara, mtoto mpya anaingia. Je, jina linakufa kila mara?» Hapana. Korali ni kama mwili, nao mwili hubadilisha nyama pasipo kuwa mtu mwingine. Lakini anayeingia katika korali anaingia kwa mlango: anakuja kwenye mazoezi, anakosea na kusahihishwa, anakaa katika Misa pamoja na wenzake, anazika maiti zao. Anayelipwa kwa saa mbili na kwenda zake hakuingia kwa mlango huo. Mashine haiwezi kabisa kuingia.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturjia ya 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba muziki unakuwa mtakatifu zaidi kadiri unavyounganika kwa karibu na tendo la Liturjia. Haukusema kadiri unavyopendeza. Hati hiyo hiyo ilitaka mapokeo ya muziki ya watu wetu yapewe heshima. Wengi wetu tumeshika neno hilo la pili, tukatafuta ngoma na kayamba, tumefanya vizuri. Lile la kwanza tumelisahau mara nyingi. Muziki unaunganika na tendo la Liturjia kwa njia ya watu walio pale, wanaotenda.

Swali la tatu ndilo lililotuumiza. Fundi alisema anaweza kuchukua sauti ya mama yule tuliyemzika, na kuifanya iimbe nyimbo mpya. Vijana walipolisema hilo walifurahi. Waliona kama wamerudishiwa mama yao. Hatukuwakemea. Machozi yao tuliyajua. Lakini tuliwauliza: maneno hayo mapya, yeye aliyasali lini? Sauti yake katika diski ya kwanza ni sala yake mwenyewe, nanyi mnaweza kuisikiliza mpaka mzeeke. Sauti mtakayoiunda haitakuwa sala yake. Eklezya haiwaimbishi marehemu; inawataja katika Misa na kuwaombea.

V. Shauri letu

Hatukuwakataza diski ya pili. Tungekataza kwa haki gani? Watu waliopoteza nyumba na ndugu wanahitaji kuimba, na wengine waliotawanyika watafurahi kusikia kwamba Keshero ingali inaimba. Tuliwapa shauri la namna tatu, nasi tunaliweka hapa kwa faida ya parokia nyingine, kwa maana tunajua studio zimejaa kila mtaa, na ufundi huo unazidi kuwa rahisi.

Kwanza, waimbe waliopo. Kama ni 9, basi ni 9. Wachague nyimbo ambazo sauti 9 zinaweza kuzibeba, badala ya kulazimisha zile zilizotungwa kwa watu 26.

Pili, kifuniko kiseme kweli. Jina la korali libaki, maana korali haijafa. Lakini iandikwe wazi ni wangapi wanaoimba, nani ametunga, nani amepiga kinanda. Mpiga kinanda wa kulipwa naye aheshimiwe kwa kutajwa kazi yake. Kosa la diski ile ya Los Angeles halikuwa kuwalipa mafundi wakubwa. Kosa lilikuwa kuwaficha chini ya jina la wengine.

Tatu, kabla ya kwenda studio, kila wimbo uimbwe kwanza katika Misa ya Dominika. Wimbo usioweza kusimama mbele ya wakristu, pasipo mashine, usitiwe katika diski ya sala.

Shauri hili la tatu lilianza kujaribiwa Dominika mbili zilizopita. Waliimba Agnus Dei yao mpya, watu 9, karibu na ukuta wa mawe meusi. Sauti ya pili ilikuwa na shimo. Kila mtu alilisikia, na mwongozaji aliinamisha kichwa. Waliporudia mara ya pili, wamama wawili wa benchi la tatu, wasiokuwa wa korali, wakaanza kuishika sauti hiyo kwa kunong'ona, na mara ya tatu wakaishika waziwazi. Walikuwa wameijifunza zamani kwa kumsikiliza mwenzao yule aliyekufa.

Baada ya Misa vijana walituuliza kama wamama hao wanaweza kuandikwa katika korali. Tumewajibu waje kwenye mazoezi Jumamosi, kama wengine. Diski itangoje.